Kama tunagusa Katiba, tuguse artikli 71

Wamama, wababa, wandugu wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, wa Kampemba, komini zetu hizi za Lubumbashi, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma juu viti vimeisha, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni hii: rais aliye kwenye kiti ana nafasi gani ya kurudi, na kandida wa tatu, yule ambaye si wa serikali wala si mkubwa wa opozisyo, yeye ana nafasi gani. Najua wengi mnangoja niseme jina la mtu wa 2028. Jina sitasema. Nataka tuangalie kanuni inayotengeneza mshindi hata mbele hatujaenda kuvoti, juu hiyo kanuni ikibaki vile iko tutabadilisha majina tu na mambo yatakuwa yale yale.

Tuanze na Katiba ya Kongo yetu. Artikli 70 inasema rais anachaguliwa kwa miaka 5, anaweza kurudi mara moja tu. Artikli 220 inafunga mlango, inasema idadi na urefu wa mandat, yaani vipindi vya rais, havibadilishwi. Rais Félix Tshisekedi aliapa mara ya pili tarehe 20 Januari 2024, kwa hiyo kwa Katiba hii tuliyo nayo uchaguzi unaokuja ni wa watu wengine. Lakini Oktoba 2024 kule Kisangani alisema ataweka komisyo ya kuangalia Katiba mpya, na tangu siku ile nchi nzima, kwenye taxi, kwenye kanisa, kwenye terasi, watu wanabishana 220, 220, 220. Ni sawa wabishane, ni jambo kubwa. Mimi nasema kuna artikli nyingine ilikwisha kuguswa zamani, ilituumiza zaidi, na hakuna anayeipigia kelele. Ni artikli 71.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ile tuliyoipigia referendumu sisi wenyewe, ilisema rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, asipopata, wawili wa kwanza wanarudi duru ya pili. Mwaka ule makandida walikuwa 33. Joseph Kabila alikuwa kwenye kiti, ana serikali, ana televisheni ya taifa, ana jeshi, na bado duru ya kwanza alipata asilimia 44.81 tu. Jean-Pierre Bemba 20.03. Wa tatu alikuwa mzee Antoine Gizenga, yule wa tangu wakati wa Lumumba, akapata 13.06. Sasa angalieni vizuri kilichofuata kwa huyu wa tatu, juu hapo njo iko siri yote. Hakushinda, lakini hakupotea. Wale wawili walikuwa na haja naye. Akajadiliana na upande wa Kabila, mapatano yakatangazwa mbele ya duru ya pili, kila mutu akajua, na mwisho wa Desemba 2006 Gizenga akatajwa waziri wa kwanza. Tena si wote wa Bandundu, mkoa wake, walimfuata, wengi kule walimpigia Bemba duru ya pili, na ni haki yao, juu duru ya pili inampa raia nafasi ya kuchagua tena kwa kichwa chake, hata chefu wa chama chake akisema vingine. Kabila akashinda kwa 58.05. Rais aliye kwenye kiti alirudi, ndiyo, lakini alirudi na zaidi ya nusu ya wapiga kura, na aliyekuwa wa tatu alikuwa na uzito wa kujulikana.

Kisha ikaja Januari 2011. Madepite na masenata wakabadilisha artikli 8 za Katiba kwa haraka kabisa, sheria ikatoka tarehe 20 Januari, na artikli 71 ikawa hivi: anayeongoza kwa kura nyingi kuliko wengine njo rais, hata akiwa na 20 kwa mia. Duru moja, basi. Sababu walizotoa ni pesa, eti duru mbili ni gharama, na usalama. Uchaguzi ulikuwa tarehe 28 Novemba mwaka ule ule. Miezi 10 tu, wandugu. Ni nani anabadilisha kanuni ya mchezo miezi 10 mbele ya mchezo kama hajapiga hesabu zake na kuona nusu hataifikia?

Na kweli hakuifikia. Kabila 48.95. Étienne Tshisekedi 32.33. Vital Kamerhe, mtoto wa Bukavu, wa tatu na 7.74, Kengo karibu 5. Hapo hata siingii kwenye wizi, ingawa Carter Center waliokuja kuangalia walisema matokeo yale hayaaminiki. Nachukua namba vile zilitangazwa. Kwa Katiba tuliyoipigia kura sisi, namba zile zinamaanisha duru ya pili, Kabila na Tshisekedi baba, uso kwa uso, na Kamerhe katikati, Sud-Kivu nzima ikimwangalia atasema nini. Badala yake 7.74 ya Kamerhe ikageuka hewa. Watu waliomvoti wakaambiwa mulivunja kura, mulisaidia adui. Si wao waliovunja. Artikli 71 mpya njo ilivunja.

Nimeona watu wa chama kidogo hapa Lubumbashi wakitukanwa miaka yote hii kwa neno hilo, eti wanagawanya kura, eti wanatumwa. Wengine kweli wanatumwa, sikatai, tuko na vyama zaidi ya 900 kwenye listi ya serikali na vingine vinakaa kwenye simu ya mtu mmoja na bibi yake. Lakini kuna wengine wana mawazo, wana watu, wana kazi wamefanya miaka. Daktari Denis Mukwege ana Nobel ya 2018, dunia nzima inamjua, kule kwenye hospitali yake ya Panzi wamama aliowatibu walichanga pesa ili alipe caution, ile pesa ya kuweka kandidatire. Desemba 2023 alipata hata si asilimia 1. Je, ni kweli Wakongo wote hawamtaki? Nawaambia si hivyo. Watu wengi wanaompenda waliogopa kupoteza kura yao, wakampa mwingine aliye na nguvu, juu walijua hakuna kurudi. Kungekuwa duru ya pili wangempa ya kwanza kwa moyo, ya pili kwa akili. Sasa hatutajua kamwe ana watu wangapi, na yeye mwenyewe hatajua.

Kutojua huko njo kunavunja umoja wa opozisyo kila mara. Mnakumbuka Geneva? Novemba 2018 wakubwa wa opozisyo walifungiwa kule Uswisi, wakatoka na jina moja, Martin Fayulu, tarehe 11. Kesho yake Félix Tshisekedi na Kamerhe wakatoa sahihi zao, eti watu wa chini wa vyama vyao wamekataa, na mwisho wa mwezi walikuwa Nairobi wawili peke yao na mapatano mengine. Watu walisema ni uroho. Uroho ulikuwako. Lakini hebu jiulize, ungekuwa wewe, una chama cha baba yako cha tangu 1982, wanakuambia umwachie mtu, na hakuna hata mtu mmoja ndani ya kile chumba amepimwa na kura za mwaka ule? Ni kama kununua unga pale soko ya Kenya kwa wauzaji ambao hakuna aliye na mizani, kila mmoja ataapa gunia lake ni kilo 50. Duru ya kwanza njo mizani. Ukishapimwa ukaonekana una 13, huwezi tena kudai kiti cha mwenye 35, utajadiliana kwa 13 yako, na watu watakuheshimu kwa 13 yako.

Matokeo ya 2018 mnayajua. Tshisekedi 38.57, Fayulu 34.83, Shadary, kandida wa Kabila, 23.84. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na waangalizi 40,000 nchi nzima, walisema namba zile hazilingani na zile walizokusanya. Beni, Butembo na Yumbi hawakuvoti siku ile, walivoti Machi 2019 wakati rais amekwisha kuapa. Na sisi huku Katanga tusisahau, Agosti ile Moïse Katumbi alifika Kasumbalesa upande wa Zambia na hakuruhusiwa kuingia nchini kwake kuweka kandidatire. Wengi wenu mulikuwa kwenye ile barabara. Bemba naye jina lake lilitolewa kwenye listi. Kwa hiyo tulikuwa na rais mwenye 38 kwa mia ya namba rasmi, zaidi ya 6 kati ya 10 hawakumchagua, na kila mutu anabishana hata hiyo 38. Ukipata rais wa namna hiyo, lazima atafute nguvu mahali pengine pasipo kwenye kura, na alitafuta, kwanza na FCC, muungano wa vyama vya Kabila, kisha Desemba 2020 akawavunja, madepite wakahama makundi makundi, Union sacrée, muungano wake mpya, ikazaliwa.

Sasa mtu wa haraka ataniuliza, lakini 2023 alipata 73, si nusu ile? Ndiyo. Korti ya Katiba ilisema 73.47, Katumbi 18 na kidogo, Fayulu 5. Ukichukua namba hizo vile ziko, hata opozisyo yote ikisimama nyuma ya mtu mmoja haifiki 30. Anayewaambia umoja peke yake ungetosha hajapiga hesabu. Opozisyo ilikataa matokeo, na CENI yenyewe, komisyo ya uchaguzi, Januari 2024 ilifuta kura za makandida 82 wa udepite na wa mikoa juu ya udanganyifu, wengine walishtakiwa kukaa na mashini za kuvoti. Masisi na Rutshuru hawakuvoti kabisa juu ya vita. Walioandikishwa walikuwa karibu milioni 44, waliovoti kama milioni 18. Hayo yote ni kweli na yanauma. Lakini nataka muone kitu kingine, juu ya vile aliye kwenye kiti anakuwa na nguvu hata mbele ya siku ya kura.

Bemba, wa pili wa 2006, alikuwa wapi Desemba 2023? Waziri wa ulinzi wa Tshisekedi tangu Machi. Kamerhe, wa tatu wa 2011? Waziri wa uchumi. Mbusa Nyamwisi, naye kandida wa 2011, ndani ya serikali ile ile. Katumbi mwenyewe alikuwa ndani ya Union sacrée mpaka mwisho wa 2022. Mnaona? Wengi waliokuwa na watu wao, na mkoa wao, na lugha yao, walishaingia ndani ya nyumba ya aliye kwenye kiti mbele kampanye haijaanza. Na siwalaumu peke yao. Duru moja inamwambia kandida wa tatu: una njia mbili, ingia leo upewe wizara, au baki nje upate 1 kwa mia uitwe mvunja kura. Njia ya tatu, ile ya Gizenga, kupimwa kwanza kisha kujadiliana mbele ya watu, ilifungwa Januari 2011. Kwa hiyo rais akiwa na pesa na viti vya kugawa, anavimaliza mbele, na siku ya kura anakutana na waliobaki.

Mtasema ni Afrika, aliye kwenye kiti haanguki. Hapana, wandugu, msiseme hivyo, na hatuhitaji kwenda mbali. Ule unga wa bukari yenu mnajua unapita wapi. Vukeni Kasumbalesa. Zambia walikuwa na duru moja kama yetu, na 2001 Levy Mwanawasa wa chama kilichokuwa kwenye serikali alishinda na asilimia 29 tu, opozisyo imegawanyika vipande kumi. Hakainde Hichilema alichukua chama cha UPND 2006, na mwaka ule akawa wa tatu. 2008 wa tatu. 2011 wa tatu tena. Watu walimcheka, wakamwita mtu wa mkoa wa Southern, mtu wa kabila moja, eti hata akigombea miaka mia. Januari 2016 wakabadilisha Katiba yao, wakaweka nusu na moja zaidi, usipofika kuna duru ya pili. Ile ile 2016 Edgar Lungu alishinda kwa shida na 50.35. Agosti 2021 Hichilema akamwangusha Lungu akiwa kwenye kiti, 59 kwa 38, akachukua Lusaka, akachukua Copperbelt, hapa jirani zetu wa Chililabombwe na Kitwe ambao zamani hawakutaka hata kumsikia. Duru ya pili haikufanyika hata. Ile kanuni peke yake ililazimisha kila mtu atoke kwake akatafute kura kwa wengine, na vyama vidogo vikaona kuna maana ya kuungana juu namba ya kufikia ilijulikana.

Malawi vile vile. Uchaguzi wa 2019 rais Mutharika alirudi na 38 kwa mia, korti ikaufuta Februari 2020 juu ya makaratasi yaliyofutwafutwa na wino mweupe, na majaji wakasema tena kwamba wingi maana yake ni zaidi ya nusu. Wakarudia Juni, Chakwera akashinda na karibu 59. Na 2025 Chakwera naye akiwa kwenye kiti akaangushwa, na Mutharika yule yule, na zaidi ya nusu. Marais wawili waliokuwa kwenye kiti, ndani ya miaka kama mitano, wameenda nyumbani kwa kura. Hawa si watu wa Ulaya, ni watu wa mahindi na samaki kama sisi.

Sasa nijibu wanaopinga. Pesa: ndiyo, duru ya pili inagharimu, nchi hii ni kubwa, barabara hakuna. Lakini rais asiyekubaliwa na wengi anagharimu zaidi, tumelipa kwa madialogi, kwa serikali za mawaziri 60 za kuridhisha kila mtu, kwa miaka miwili ya kungoja uchaguzi kutoka 2016 hadi 2018. Usalama: ni kweli Agosti 2006, siku walipotangaza duru ya kwanza, askari wa Kabila na wa Bemba walipigana Kinshasa siku tatu, watu walikufa. Hilo silifichi. Lakini walipigana juu kila upande ulikuwa na jeshi lake, na duru ya pili ya Oktoba ilifanyika hata hivyo. Duru moja ya 2011 ilileta amani gani? Waulizeni waliokuwa hapa Lubumbashi siku ile ya kura.

Na nyinyi wa vyama vidogo, najua muko humu, nina neno lenu pia, tena la ukali. Duru ya pili haitawaokoa kama hamtafanya kazi. 2023 kulikuwa na byuro za kura karibu 75,000. Ukitaka shahidi mmoja tu kwa kila byuro, umpe dola 10 za usafiri na chakula, ni dola 750,000 siku moja, na mbele ya hapo umeshalipa caution ya milioni 160 za franka ambayo hairudi. Hamna hizo pesa. Kwa hiyo mnaweka mashahidi kwenu tu, kwenye byuro za kwadra yenu, na kwingine PV, karatasi ya matokeo ya byuro, inasainiwa hamko. Ile dakika ya mwisho, saa tano ya usiku, umeme hakuna, wanahesabu kwa toshi ya simu, karatasi moja moja, mtu anasoma jina, mwingine anapiga mstari ubaoni, ile dakika kama huna mtu wako ndani aliyekula na asiyesinzia, kura zako ni za aliye na mtu. Simameni vyama vitano, kumi, muwe na shahidi mmoja wa pamoja, apige picha ya PV mlangoni, awatumie wote. Kwa hilo hamhitaji kukubaliana nani atakuwa rais. Na tokeni kwenu. Mtu wa Katanga anayefanya mitingi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tu hagombei urais, anagombea ugavana. Hichilema alitumia miaka 15 kutoka kwake.

Nimalizie na sheria, juu kuna mtu atatoka hapa aseme tumeanza siasa ya Katiba mpya. Hapana. Artikli 220 haijafunga 71, 71 inaweza kurudishwa vile ilivyokuwa bila kugusa mandat ya mtu yeyote. Artikli 218 inasema nani anaweza kuleta pendekezo la kubadilisha: rais, serikali, nusu ya chumba kimoja cha Bunge, na sisi raia, watu 100,000 kwa petisyo. Sisi raia tuko ndani, mara nyingi wanasahau kutuambia. Lakini artikli 219 inakataza mabadiliko yoyote wakati nchi iko kwenye vita au état de siège, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, na Nord-Kivu na Ituri waliwekwa état de siège tangu Mei 2021, na tangu 2025 Goma na Bukavu ziko mikononi mwa waasi wa AFC/M23, ndugu zetu kule hawawazi hata habari ya kuvoti. Kwa hiyo leo hakuna anayeruhusiwa kugusa Katiba, si sisi wala wale wa Kinshasa wenye haraka na 220, na tuwakumbushe hilo kila siku kwa sauti, juu wanajua na wananyamaza.

Sisi tutangoje kwa kufanya kazi. Petisyo tunaweza kuiandaa kuanzia sasa, sentensi moja: artikli 71 irudi vile raia waliipigia kura. Kila jina na namba ya kadi ya kura, kwa mkono wa mwenyewe, hakuna kumsainia bibi wala jirani, juu jina moja la uongo litatosha kuitupa yote. Tuanze kwa kwadra, Katuba na Ruashi wiki hii, Kamalondo na Kenya wiki inayofuata, kisha Likasi, kisha mtu aende Kalemie na Kamina, na wenye familia Kananga na Mbandaka wawapigie simu wawaelezee, juu petisyo ya Wakatanga peke yao wataiita ya Katumbi na itakufa siku hiyo hiyo. Wenye kutaka kusaidia kuandika, wale mnaosoma droit, bakini hapa mbele tuzungumze, wengine maswali yenu nayangoja.